Kimbunga hakifiki Bukavu, lakini ukingo uko nyuma ya nyumba

Mama mmoja wa Cimpunda, komine ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, ameniandikia hivi:

"Kaka yangu mkubwa anaishi Florida, Marekani. Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita anatueleza wanavyojiandaa na kimbunga: wanajaza maji, wanapigilia mbao madirishani, wengine wanahama kabisa. Huku kwetu mvua imerudi, na juma lililopita upepo uling'oa mabati ya jirani yakaangukia kwenye kanivo, ule mtaro wa maji ya mvua. Nyumba yetu ni ya mbao na mabati. Nyuma yake kuna ukingo wa udongo tuliouchimba ili kupata kiwanja, umemzidi mtu urefu. Watoto wetu wanne wanalala chumba cha nyuma pamoja na mama mkwe, ambaye miguu inamsumbua. Je, kimbunga kinaweza kufika Bukavu? Na mimi nijiandae vipi?"

Mama, asante kwa kuieleza nyumba yako vizuri hivyo. Nianze na kimbunga, kwa kuwa jibu lake ni fupi: hapana, hakifiki. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, kinalishwa na mvuke wa maji hayo, na kikishapanda nchi kavu kinaanza kupungua nguvu. Tena ili upepo ujizungushe mpaka uwe kimbunga, unahitaji msukumo unaotokana na kuzunguka kwa dunia, na karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Bukavu iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, na mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hidaya, kimbunga kilichoitisha pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, kiliishia hukohuko pwani.

Kwa hiyo mbao za madirishani mwachie kaka yako. Lakini hofu yako naiheshimu, kwa sababu iko mahali pake, ila imeangalia upande usio wake. Wewe unaangalia juu, kwenye mabati. Mimi nilipofika kwenye ule ukingo uliomzidi mtu urefu, na watoto wanne wanaolala chini yake, niliacha kusoma nikarudia mstari ule mara ya pili.

Nikupe mifano miwili ya vimbunga vyenyewe. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipita Msumbiji kikaingia Malawi. Kilipofika Blantyre, mji uliojengwa kwenye miteremko kama wa kwetu, upepo ulikuwa umeshachoka. Kilichoua watu kule ni matope na mawe yaliyoporomoka kutoka mlimani usiku yakafunika nyumba. Wa pili ni Helene, Septemba 2024. Kilipiga pwani ya Florida tarehe 26, na kesho yake mvua yake ikamwagika kwenye milima ya North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini, ambako watu wengi hawakuwa wanawaza habari za kimbunga. Katika jimbo hilo peke yake walikufa zaidi ya watu 100, wengi wao kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi. Hata Florida kwenyewe, Ian ilipopiga Septemba 2022, wengi waliokufa walikufa maji. Kaka yako atakuambia kwamba kule watu wanafundishwa kujificha upepo na kuyakimbia maji.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, mvua ilinyesha Kalehe. Mito ikashuka na mawe na magogo, ikafagia Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walizikwa na maelfu hawakuonekana tena. Hapakuwa na kimbunga. Hapakuwa na jina lililotangazwa redioni siku tano kabla. Ilikuwa mvua tu, juu ya milima iliyokatwa miti, juu ya ardhi iliyokwisha kushiba maji.

Hapo ndipo tofauti yako na kaka yako ilipo. Yeye anaambiwa. Kimbunga chake kina jina, kina ramani, kina saa ya kufika. Cha kwako kinakuja saa nane ya usiku bila kubisha, na wa kukuambia ni wewe mwenyewe, kama umejifunza kuisoma ardhi yako.

Basi tuisome. Udongo wa Bukavu, sehemu nyingi, ni mwamba wa volkano wa zamani uliooza ukawa mfinyanzi mwekundu. Ukiwa mkavu ni mgumu, unasimama wima hata ukiukata kama mkate, na ndiyo maana watu wanauamini. Ukishiba maji mambo mawili yanatokea kwa pamoja: unakuwa mzito, na chembe zake zinaacha kushikana. Siku moja ya mvua kubwa mara nyingi haitoshi. Hatari ni mvua kubwa inayokuja baada ya siku tano, sita za mvua ndogondogo, wakati udongo umeshakunywa na hauna tena pa kuweka maji. Nenda mtaa wa Funu uone: kule ardhi inajongea polepole miaka na miaka, na kuta za nyumba zinapasuka, zinazibwa, zinapasuka tena.

Sasa swali la fundi: maji yanayoushibisha ukingo wako yanatoka wapi? Watu hujibu, "mbinguni". Sehemu kubwa yanatoka kwenye mabati. Piga hesabu na mimi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita sita kwa nane ina paa la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 40, ambayo hapa kwetu inaweza kunyesha alasiri moja, inamwaga lita 1,920 kutoka paa hilo moja, yaani bidoni 96 za lita 20. Fikiria jirani yako wa juu anasimama ukingoni anamwaga bidoni 96 kwenye udongo ulio mgongoni mwa watoto wako. Mngegombana. Lakini paa lake lisilo na mfereji linafanya hivyohivyo kila mvua, na la kwako linamfanyia jirani wa chini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya msumari wowote: weka mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, uelekeze maji kwenye pipa au bidoni, na yanayozidi yaende kwenye kanivo kwa bomba, si kwa kumwagika ovyo ardhini. Bati la zamani lililokunjwa linatosha. Kazi ya pili ni kuchimba mfereji mdogo juu ya ukingo, hatua mbili tatu nyuma ya ncha yake, uyakamate maji yanayotoka kwa jirani wa juu na kuyapeleka pembeni. Hapo utahitaji kuzungumza na majirani na shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, kwa sababu maji hayajui mipaka ya parseli, viwanja vyetu. Salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya mtaa, ipo kwa kazi kama hii. Kuzibua kanivo iliyojaa chupa na saseti ni bora kuliko kufagia barabara itakayochafuka kesho.

Angalia pia choo. Shimo la choo lililochimbwa juu ya ukingo, pamoja na maji ya kuogea yanayozama palepale, linaulowesha udongo hata wakati wa kiangazi. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, linalovuja nalo ni vilevile. Nimeitwa zaidi ya mara moja kuangalia ukingo ulioanguka siku isiyo na mvua, na chanzo kikawa bomba lililovuja miezi mingi huku kila mtu akifurahi kuteka maji ya bure.

Ukingo wenyewe usiuguse sasa. Wengi mvua ikianza wanachukua jembe wakaupunguze. Wanaukata chini, mahali unapojishikilia, na unawaangukia. Kazi hiyo ni ya Juni mpaka Agosti. Wakati huo utaukata kwa ngazi badala ya ukuta mmoja wima, upande mabingobingo au vetiva kwenye kila ngazi. Migomba usiitegemee, mizizi yake haiendi chini. Mkijenga ukuta wa mawe, acheni matundu yenye mabomba kila mita moja hivi ili maji yatoke. Ukuta usio na matundu unageuka bwawa, na siku ukishindwa unaanguka na udongo wote ulio nyuma yake.

Kipimo ninachotumia mimi ni chepesi: nyumba iwe mbali na ukingo angalau kiasi cha urefu wa ukingo huo. Ukingo wa mita mbili na nusu, nyumba mita mbili na nusu. Najua Kadutu nafasi hiyo haipo. Ndiyo sababu nakuomba jambo moja leo, lisilogharimu hata faranga: watoto na mama mkwe wahamie kulala chumba cha mbele, na cha nyuma kiwe cha vyombo na magunia ya makala (makaa). Mtabanana. Mbanane mpaka mvua za Mei zipite.

Kisha jifunze dalili. Ufa mpya kwenye sakafu au kwenye ardhi juu ya ukingo, hasa uliopinda kama mwezi mchanga. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ambao ghafla unagoma. Mti au nguzo ya umeme iliyoinama kuliko mwezi jana. Maji yanayochuruzika chini ya ukingo mahali palipokuwa pakavu. Kwa wale wanaoishi kando ya Kawa na vijito vingine: maji ya mto yakibadilika ghafla kuwa matope mazito, au yakipungua katikati ya mvua kubwa, usisimame kushangaa. Yamezibwa huko juu, na yatakuja yote kwa pamoja. Ufa uuwekee alama: choma misumari miwili, mmoja kila upande, pima kati yake kwa kamba kila Jumapili. Ukiongezeka, usiuzibe kwa simenti ili usiuone. Hama.

Na upime mvua. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, la maziwa ya unga kwa mfano, liweke wazi uani, mbali na paa. Kila asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika, mwaga. Baada ya wiki tatu utajua mvua yako kuliko mtu yeyote. Mimi binafsi, kukiwa na siku kadhaa za mvua mfululizo na kopo limefika sentimita nne au tano kwa siku moja, silali chini ya ukingo uliokatwa.

Hapo linakuja neno gumu, kuondoka. Kule Florida mtu anaingia garini. Wewe una mama mkwe asiyeweza kukimbia, na usiku wa Bukavu unaujua mwenyewe, kutembea saa saba si salama hata bila mvua. Kwa hiyo uamuzi wenu ufanyike kabla ya giza. Saa kumi na moja za jioni, kama mvua imekusanyika na kopo limefika kiasi hicho, mnaenda kulala kwa ndugu au kanisani, mahali pasipo na ukingo juu yake wala mto chini yake. Zungumza na mwenyeji huyo sasa, wakati wa jua, umwambie wazi kwamba kuna usiku mtakaokuja watu saba. Mkubaliane nani anamshika mama mkwe, nani anabeba mtoto mdogo, nani anachukua mfuko. Jaribuni mara moja mchana. Watoto wataona ni mchezo, na wewe utajua ni dakika ngapi. Kila mtoto ajue kutaja jina lako kamili, jina la baba yake na avenyu yenu.

Ikiwa imewakuta usiku na mnasikia mngurumo au miti inavunjika, msikimbie kushuka na mteremko, matope yanakimbia kuliko nyinyi. Kimbieni kando, pembeni ya njia yake, mkipanda kama inawezekana. Mkishindwa kutoka, kaeni upande wa nyumba ulio mbali na ukingo, mmejikunja, mikono juu ya kichwa. Na baada ya kuporomoka, asirudi mtu kuchukua godoro. Mara nyingi udongo huja mara ya pili. Mnaomtafuta mtu aliyefunikwa, muwe na mtu mmoja anayesimama kuutazama mlima wakati wengine wanachimba, na kila baada ya muda nyamazeni wote msikilize. Firimbi moja shingoni mwa kila mtoto inaweza kusikika pale sauti imeisha.

Mfuko wenyewe usiwe mkubwa. Kadi za wachaguzi, karatasi za parseli, vyeti vya kuzaliwa, bulletini za shule na kadi za chanjo, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na picha zake kwenye simu ya kaka yako huko Marekani. Dawa za mama mkwe. Tochi. Fedha kidogo za noti ndogo. Redio yenye betri, kwa kuwa umeme wa SNEL unakatika kabla ya mvua kukolea. Radio Maendeleo na Radio Okapi ndizo zitakazokuambia barabara ipi imekatika. Maji: Wamarekani wanahesabu karibu lita nne kwa mtu mmoja kwa siku, kwa siku tatu. Nyinyi saba ni lita 84, bidoni nne na kidogo. Ziwe zimejaa na zimefunikwa wakati wote wa mvua. Mafuriko yakishapita, maji ya bomba na ya chemchemi yachemsheni mpaka yatokote, hata yakionekana safi. Kolera, yaani kipindupindu, haijawahi kutuhama hapa Kivu.

Sasa paa, uliloniuliza kwanza. Upepo haulisukumi bati kutoka juu, unaliinua kutoka chini, kuanzia pembeni na kwenye ncha ya juu. Kwa hiyo pembeni kote weka msumari wa mabati kila wimbi, katikati unaweza kuruka wimbi moja au mawili. Misumari iliyolegea usiirudishie tundu lilelile. Zifunge mbao za paa kwenye nguzo za ukuta kwa waya mzito uliosokotwa. Msumari peke yake unachomoka. Paa la baraza lisiwe bati moja na la nyumba, ili likiondoka lisiondoke na jingine. Yale mawe watu wanayopanga juu ya mabati yashushwe, siku ya upepo yanaingia ndani kabla ya mvua. Upepo ukija, funga milango na madirisha. Wapo wanaosema ufungue upande mmoja ili upite, lakini ukishaingia ndani ndio unaolisukuma paa kwenda juu.

Radi siwezi kuipita. Mwaka 2016 wanasayansi waliohesabu radi za dunia nzima kwa satelaiti walikuta Ziwa Maracaibo la Venezuela ndilo la kwanza, na eneo la pili ni huku kwetu, mashariki ya Kongo. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Mkiisikia, ingieni ndani, mbali na mlango na nyaya, chomoeni televisheni, na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Msijikinge chini ya mti. Waya wa umeme ulioanguka, hata kama mtaa mzima uko gizani, usiukaribie, kaa mbali nao angalau mita kumi. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguseni, na kama hapumui mkandamizeni kifua kwa mikono, tena na tena, mpaka afike hospitalini. Naomba pia, kwa moyo wote: msimtafute mchawi. Radi inatoka kwenye mawingu ya Kivu, na kikongwe wa jirani hana mkono ndani yake. Nimeona familia inazika mtoto wake, na kabla ya juma kuisha inataka kumzika na bibi wa watu.

Kitu kimoja zaidi cha Florida kinachofanana na chetu. Baada ya vimbunga, watu kule hufa kwa moshi wa jenereta walizowasha ndani au gereji. Sisi tunafunga madirisha usiku wa baridi ya mvua na kuacha mbabula, jiko la makala, inawaka chumbani. Gesi yake haina harufu wala rangi. Mkibanana wote saba chumba cha mbele, mbabula ilale nje.

Mama, Jumamosi hii mpime ule ukingo na baba watoto: urefu wake, na umbali kutoka chini yake mpaka ukuta wa nyumba. Angalieni kama kuna choo, bomba au shamba juu yake, na kama chini yake kuna unyevu siku mbili baada ya jua. Niandikie hayo manne, na kama simu inapiga picha, simama pembeni usipige kwa mbele, nione jinsi ulivyokatwa. Hapo nitakuambia kama kuhamia chumba cha mbele kunatosha, au msimu huu wa mvua mtafute pa kulala kwingine.